Si Umeshapata Chuo? Unaogopa Nini Tena?

Ujumbe wa sauti uliingia saa tatu asubuhi. Kwa mpwa wangu, San Diego, ilikuwa saa tano usiku. "Shikamoo mjomba. Nimepata sitini na nane kwenye mtihani wa kemia. Watanifutia chuo." Kisha kimya cha sekunde kumi hivi, nikisikia anavuta kamasi.

Wiki tatu nyuma binti huyuhuyu alikuwa ametutumia picha ya barua. Amekubaliwa kuhamia kampasi moja ya Chuo Kikuu cha California kutoka chuo cha jamii alichosoma miaka miwili. Morogoro walipika pilau. Dada yangu, mama yake, alipoelezwa kwamba mtoto halali usiku kwa ajili ya mtihani mmoja wa kemia, aliuliza: "Si ameshapata chuo? Anaogopa nini tena?"

Nimelisikia swali hilo kwa wazazi wengi wenye watoto Marekani, na nadhani ni swali la haki. Kwetu, udahili hutazama nyuma. Mtoto wa Tanzania anafanya mtihani wa kidato cha sita mwezi wa tano, matokeo yanatoka mwezi wa saba, ndipo anaomba vyuo akiwa na alama zake mkononi. Kenya ni vilevile: mtihani wa taifa wa KCSE kwanza, kisha shirika la serikali la KUCCPS linampangia chuo. Barua ikifika, alama zimeshakauka wino. Hofu yote ilikuwa kabla ya barua, na baada yake kinachobaki ni ada na godoro.

Kwa anayehama kutoka chuo cha jamii kwenda Chuo Kikuu cha California, yaani UC, mambo yamepinduka. Maombi hufungwa mwishoni mwa Novemba au siku za kwanza kwanza za Desemba. Wakati huo kozi za muhula wa kwanza hazijaisha na za muhula wa pili hazijaanza. Mwombaji anaziorodhesha tu kwamba atazisoma. Januari anarudi kwenye fomu kujaza alama za muhula uliokwisha na kuthibitisha kozi za muhula unaokuja. Aprili majibu yanatoka. Juni 1 ni siku ya mwisho ya kutoa tamko kwamba unakwenda. Alama za mwisho za muhula wa pili hutoka mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni, na transkripti, yaani hati ya matokeo, yenye alama hizo inatakiwa ifike kampasi kufikia Julai 1.

Mkulima wa Kilombero atalielewa hili haraka kuliko afisa elimu. Ni kuuza mpunga ungali shambani. Mnunuzi amekuja, ameona shamba limestawi, mmekubaliana, amekupa mkono. Lakini atarudi wakati wa mavuno kuhesabu magunia. Alichonunua kwa sehemu kubwa ni miaka yako iliyopita. Hata hivyo muhula mmoja bado uko ardhini.

Njia yenyewe si ya uchochoroni. California ina vyuo vya jamii 116, mfumo mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo Marekani, na mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa yuniti moja, yaani kipimo cha uzito wa kozi, kiasi ambacho hakikaribii ada ya chuo kikuu hata kwa mbali. Unasoma miaka miwili ya kwanza pale, unahamia chuo kikuu mwaka wa tatu, na shahada unayopata mwishoni haiandikwi popote kwamba ulianzia mlango wa pembeni. Ukitembea mitaa ya City Heights pale San Diego utasikia Kiswahili, na vijana wengi wa familia zilizofika kama wakimbizi kutoka Kongo wamepita kwenye vyuo hivi. Wapo pia waliokwenda kwa viza ya mwanafunzi, kama mpwa wangu, ambao ada yao ni kubwa zaidi ya mara kadhaa na hofu yao ina tabaka moja la ziada ambalo nitalifikia.

Sasa, barua. Watu husoma neno "hongera" na kufunga simu. Chini yake, au kwenye ukurasa wa mwombaji, kuna hati ya masharti, na huyo ndiye mnunuzi anayeeleza magunia mangapi. Nilimwambia mpwa wangu aache kulia, aifungue, anisomee neno kwa neno. Ilituchukua karibu saa nzima, na mwisho wake hofu ilikuwa imepungua ukubwa ingawa haikwisha.

Sharti la kwanza ni yuniti. UC inataka anayehamia mwaka wa tatu awe na yuniti 60 zinazokubalika kuhamishwa kwa chuo chenye mihula miwili kwa mwaka, au 90 kwa chuo chenye mihula ya robo, kabla ya mwisho wa muhula wa pili. La pili ni kozi saba za msingi: mbili za uandishi wa Kiingereza, moja ya hisabati, na nne kutoka sanaa, sayansi ya jamii na sayansi asilia, zote kwa C au zaidi. La tatu ni kozi ambazo fani yako imezitaja kwa jina, na hapa wa uhandisi na sayansi wanabanwa kuliko wa historia. La nne ni kozi zote ulizosema utazisoma: uzisome kweli, uzimalize, usipate D wala F. La tano ni GPA, yaani wastani wa alama zako kwa kipimo cha pointi 4, ambayo hutofautiana kati ya kampasi na kampasi na wakati mwingine kati ya fani na fani, kwa hiyo usichukue kiwango cha rafiki yako ukakifanya chako. Barua ya mpwa wangu ilisema 3.0 kwa muhula wa mwisho.

Yale maneno manne, "kwa muhula wa mwisho", ndiyo yaliyokuwa yamejificha. Yeye alikuwa akijipa moyo kwa hesabu nyingine. Tuseme mtu ana yuniti 45 kwa GPA ya 3.6. Hizo ni pointi 162. Akichukua yuniti 15 za mwisho na kupata C tupu, anaongeza pointi 30, jumla 192 kwa yuniti 60, na GPA yake ya jumla ni 3.2. Inapendeza bado. Lakini GPA ya muhula huo peke yake ni 2.0, na kama sharti linahesabu muhula, 3.2 haimsaidii chochote. Kinyume chake pia ni kweli: kama barua yako inahesabu jumla, muhula mmoja mbaya hauwezi kuzamisha jahazi lililojaa miaka miwili. Watu wawili wenye alama zilezile, mmoja ana haki ya kuogopa na mwingine anajitesa bure, na tofauti yao ni sentensi moja ambayo hakuna aliyeisoma.

Tukaweka hesabu yake mezani. Alikuwa na yuniti 12: kemia 5, kalkulasi 4, historia 3. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, zikizidishwa kwa yuniti. Ili afike 3.0 anahitaji pointi 36. Akipata C ya kemia ana pointi 10, na 26 zinabaki kutafutwa kwenye yuniti saba. Hata A ya kalkulasi na B ya historia zinampa 25. Pungufu moja. Yaani C ya kemia ingemlazimisha kupata A mbili bila kukosea. Lakini B ya kemia, pointi 15, ingemwacha atosheke na B mbili. Kemia ilikuwa na uzito wa karibu nusu ya muhula. Yeye alikuwa akitumia usiku wake kwenye historia kwa sababu historia haimtishi. Nimewahi kufanya hivyohivyo enzi zangu: unasoma somo unalolijua ili ujisikie unasoma.

Kuhusu hiyo sitini na nane, kwanza ilikuwa alama ya mtihani, si ya kozi. Kozi za vyuo hivi huwa na maabara, majaribio madogo na kazi za nyumbani, na mgawanyo wake umeandikwa kwenye muhtasari wa kozi uliotolewa siku ya kwanza. Anayeogopa bila kuufungua muhtasari huo anaogopa gizani.

Kuna jambo ambalo wasomi wa kwetu hulikosea. Kwetu kuna sapu. Ukianguka somo, unarudi mwezi wa tisa, unafanya tena, maisha yanaendelea, mradi hujadisko, yaani hujaondolewa chuoni. Kwenye chuo cha jamii hakuna sapu. Alama ya kozi ikishaandikwa imeandikwa. Sheria ya elimu ya California inasema alama ya mwalimu ni ya mwisho isipokuwa kuwe na makosa ya kuhesabu au kuandika, udanganyifu, nia mbaya au kutoweza kazi. Kumpigia mwalimu magoti kwa barua pepe ndefu ya "nimekubaliwa chuo kikuu, nihurumie" hakumo kwenye orodha hiyo. Kumwendea mapema, wiki ya nane, saa zake za ofisi, na kumuuliza nimekosea wapi, huko ndiko kunakoleta pointi. Jambo jingine dogo lakini lenye meno: vyuo vya jamii vya California haviruhusiwi kutoa C ya kutoa, ile C-. Chini ya C kuna D. Hakuna ngazi ya kati ya kukushika unapoteleza.

Basi wengi hufikiria njia ya mkato, nayo ni kuiacha kozi. Kwa kawaida mwanafunzi anaweza kujiondoa kwenye kozi hadi asilimia 75 ya muhula ipite, na kwenye transkripti inawekwa W badala ya alama. W haigusi GPA. Inaonekana kama wokovu. Kwa mtu aliyekwisha kukubaliwa, mara nyingi ni mtego mbaya kuliko C. Kozi uliyosema utaisoma ni sehemu ya mapatano. Ukiiacha bila kuwaambia, umeuza magunia thelathini na kupeleka ishirini na tano. Pengine yuniti za kozi hiyo zilikuwa ndizo zinazokufikisha 60. Pengine ndiyo kozi ambayo fani imeitaja. C ni gunia lenye punje zilizovunjika kidogo, ila gunia lipo. Vivyo hivyo kubadili kozi iwe ya kupita au kutopita bila alama ya herufi: UC ina kikomo cha yuniti 14 za aina hiyo kati ya zile 60, na fani nyingi hazizitaki kabisa kwenye kozi zao za maandalizi.

Naomba hapa nimkatishe msomaji anayesema, "lakini mimi nina mkataba wa uhakika." Ndiyo, kampasi sita za UC, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, zina utaratibu wa kumhakikishia nafasi anayehama, unaojazwa mwezi wa Septemba. Uhakika huo nao umeandikwa na masharti. Kozi, yuniti, GPA. Ni uhakika kwa anayetimiza.

Je, kweli huwa wanawafuta watu? Ndiyo. Mwaka 2017, mwishoni mwa Julai, UC Irvine ilifuta udahili wa wanafunzi 499, wengi wakitoka sekondari, karibu miezi miwili kabla ya masomo kuanza. Mwaka ule waliokubali nafasi walikuwa mamia kadhaa zaidi ya waliotarajiwa, na watu waliunganisha mambo hayo mawili. Kelele zilikuwa kubwa hadi mkuu wa kampasi, Howard Gillman, akaomba radhi na kuwarudishia nafasi wale waliofutwa kwa mambo ya transkripti. Ninachotaka kionekane ni hesabu. Kati ya hao 499, takriban 290 hawakuwa wameanguka somo lolote. Makosa yao yalikuwa ya karatasi: transkripti haikufika au imechelewa. Waliokuwa na tatizo la alama ndio waliokuwa wachache.

Hicho ndicho ninachowaambia wazazi na watoto wanaonipigia. Alama ina nafasi yake kwenye hofu, lakini watu huiogopa peke yake na kuacha mlango wa pili wazi. Usiku wa manane mtoto anahesabu pointi za kemia. Transkripti ya chuo kingine alichosomea kozi moja ya kiangazi miaka miwili iliyopita hajaiomba. Hiyo nayo inatakiwa. Kila chuo ulichokanyaga kinatuma chake, moja kwa moja, kielektroniki au kwa bahasha iliyofungwa, na uliyoichapisha mwenyewe nyumbani haihesabiwi. Tena ukiomba itumwe kabla alama za muhula wa pili hazijaandikwa, itafika ikiwa na nafasi tupu, na kwa ofisi ya udahili nafasi tupu ni sawa na hujatuma.

Halafu kuna suala la kusema. UC inataka mwombaji atoe taarifa ya mabadiliko: kozi iliyoachwa, D au F, ratiba iliyogeuka. Watoto wetu wamelelewa kunyamaza mbele ya ofisi. Ofisi kwetu ni dirisha dogo lenye mtu mwenye hasira, na usiloliuliza halikupati. Kwa hiyo wakipata tatizo wanajikunyata na kuomba Mungu lisionekane. Litaonekana, limeandikwa kwenye transkripti. Tofauti ni nani amelitangulia. Anayeandika Mei kwamba kozi fulani inakwenda vibaya, kwa sababu hii, na anapendekeza kuirudia kiangazi, ana mtu wa kuzungumza naye na muda wa kuzungumza. Anayegunduliwa katikati ya Julai anabaki na rufaa. Rufaa hupokelewa, ila mwenye rufaa anaomba nafasi aliyokwisha kuipoteza. Mwingine yule alikuwa bado ameishika.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi. Jina, namba ya mwombaji, kozi, kilichotokea, unachofanya kuhusu hilo. Kama kuna ugonjwa au msiba, utaje na useme una uthibitisho. Usimwage historia ya ukoo. Na usiandike kabla hujazungumza na mshauri wa masomo wa chuo chako, kwa sababu wakati mwingine tatizo unaloliungama halipo: kozi unayoihofia haikuwa sharti, yuniti zako zilikwisha kufika 60 muhula uliopita.

Tabaka la ziada nililolitaja ni viza. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, anatakiwa kubaki mwanafunzi wa muda wote, na kwenye chuo cha jamii maana yake ni yuniti 12 kwa muhula. Mpwa wangu alikuwa na 12 kamili. Kuiacha kemia kungemwacha na saba, na kushuka chini ya 12 bila idhini ya ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni ni kuvunja hadhi yake ya uhamiaji, jambo zito kuliko GPA yoyote. Ndiyo maana ushauri wa mwenzake wa darasani, mzaliwa wa pale, kwamba "iache tu", ulikuwa ushauri mzuri kwa mtu mwingine. Kuna pia rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, inayohamishwa kutoka chuo cha zamani kwenda kipya kwa tarehe maalumu. Kabla ya tarehe hiyo chuo cha zamani kinaweza kusitisha uhamisho. Ikishapita, rekodi iko mikononi mwa chuo kipya. Mwenye wasiwasi wa kweli na alama zake apange tarehe hiyo na ofisa wake baada ya alama kutoka, asikurupuke kuiweka mwezi wa tano kwa furaha ya barua.

Na faraja moja, kwa wanaoipenda faraja yenye namba. Ukishaingia UC, GPA yako inaanza upya. Zile yuniti zinahamia, alama zake hazihesabiwi kwenye GPA ya chuo kipya. C ya kemia inabaki kwenye transkripti ya zamani, na shule za udaktari zitakuja kuiona siku moja, lakini haitakuwa mzigo wa kuanzia nao mwaka wa tatu.

Mpwa wangu alipanga upya usiku wake. Kemia haikupanda; alimaliza na C. Kalkulasi alipata A. Historia, aliyoipuuza kidogo kwa ushauri wangu, B. Pointi 35 kwa yuniti 12, sawa na 2.92. Alinitumia namba hiyo bila neno lolote, na mimi nilikaa na simu mkononi nikijilaumu kwa ile historia.

Jioni ileile aliiandikia ofisi ya udahili. Sentensi nne, nilizihesabu. Alisema sharti lake ni 3.0, amepata 2.92, kozi zote amezimaliza kwa C au zaidi, na transkripti ataiomba mara alama zitakapothibitishwa. Siku tisa hakuna jibu. Siku ya kumi likaja, mistari miwili: tumepokea taarifa yako, nafasi yako iko palepale, hakikisha transkripti imefika kabla ya Julai 1. Kampasi nyingine, au mwaka mwingine wenye wanafunzi wengi kupita kiasi, huenda wangejibu tofauti, na nilimwambia hivyo.

Nikampigia dada Morogoro kumpa habari. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama basi mtoto alale sasa, maana chuo alikipata tangu Aprili na yeye pilau alishapika.